Themostati ya Baba na magunia saba ya mahindi

Najua nimeadimika, na wengine mmeshaanza kuniuliza kama TP imenimeza. Haijanimeza, imenitafuna kidogo tu. Niko zangu huku Mbeya, nimepangiwa sekondari ambayo naifikia kwa mguu kutoka nyumbani, nafundisha Fizikia na Hesabu, na asubuhi naamka na baridi ambayo nyie mliobaki Dar mnaijua kwenye friji tu. Kisa cha leo kimenila wiki nzima, kwa hiyo kaeni vizuri.

Gari ya Baba mnaijua, angalau wale mliokuja kwetu likizo ile tukawabeba saba, teh teh. Nyeupe, ya Kijapani, ya mwaka 1998. Aliinunua kwa kiinua mgongo alipostaafu ualimu. Ndiyo inayompeleka Mama kliniki ya presha kila mwezi, ndiyo inayobeba mbolea, na mtaani kukiwa na mgonjwa usiku wanakuja kugonga kwetu. Sasa mwezi huu ikaanza kuchemsha. Ukiwasha, dakika kumi tu mshale wa joto unapanda mpaka karibu na alama nyekundu, na maji kwenye kidumu cha pembeni yanatokota kama ya ugali. Baba anazima, anasubiri, anaenda kilomita tatu, inachemsha tena.

Akaitwa fundi. Simtaji, na kwa kweli si mtu mbaya, ametutengenezea gari miaka yote. Akaangalia, akasema feni haizunguki. Akavuta waya, akaiunganisha moja kwa moja, ukiwasha gari tu feni nayo inavuma. Gari ikachemsha vilevile. Akarudi, akatikisa kichwa kama daktari, akasema, "Mwalimu, hapa gasketi ya silinda hedi imekwenda. Tufungue hedi, ikachongwe, tuweke gasketi mpya." Bei ya yote, na ufundi wake humo humo, ni 480,000.

Baba hakubisha. Usiku nikamsikia anaongea na Mama jikoni kwamba atauza magunia saba ya mahindi. Tuna kumi. Wale wa mjini niwaambie: mahindi ukiyauza Julai, kila mtu ametoka kuvuna na bei iko chini kabisa. Ukifika Januari unaenda sokoni kununua yale yale, na bei utakayoambiwa utatamani ukae chini. Mama akauliza, "Na tutakula nini?" Baba akajibu, "Na kliniki utaenda na nini?" Basi, wakanyamaza wote. Dalali akaambiwa aje Jumamosi.

Niwe mkweli, hapo sikuwa na wazo lolote la kuokoa mtu. Mimi gari nilikuwa naijua kwa kukaa siti ya nyuma. Kilichonitia kwenye mambo haya ni aibu ya darasani.

Jumanne ya wiki hiyo nilikuwa kidato cha tatu, mada ya kutanuka kwa vitu vikipata joto. Nikachora ubaoni ule utepe wa metali mbili, brasi na chuma vimegandishwa pamoja. Ukiupasha moto brasi inatanuka zaidi, utepe unapinda, unakata umeme, na hivyo ndivyo pasi inavyojizima. Nimeyatoa kwenye nouti zangu za tangu sekondari, neno kwa neno. Kijana mmoja wa benchi la nyuma, kwao ni gereji, akanyoosha mkono: "Madamu, na themostati ya kwenye gari nayo ni hivyo hivyo?" Mwenzenu sikujua. Ningesema sijui, ingekwisha. Lakini mnajua ukisimama mbele ya watoto sitini na unavaa koti la kuazima, neno "sijui" linakuwa zito kuliko gunia. Nikasema, "Ndiyo, ni ile ile," nikafuta ubao. Yule kijana akaandika.

Ndiyo hilo kuandika lililoniuma. Angebisha ningelala. Jumatano usiku nikachukua simu nikaanza kusoma, na kumbe si ile ile hata kidogo.

Themostati ya gari haina utepe wowote. Ndani yake kuna kikopo kidogo kilichojaa nta. Ndiyo, nta, ila ya aina maalumu. Injini ikiwa baridi, nta ni ngumu, springi inabana kifuniko, maji hayapiti kwenda kwenye rejeta, yanazunguka humo humo ndani ya injini ili ipate joto upesi. Joto likifika kiwango chake, nyingi ni nyuzi 82 au 88, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma kipini, kifuniko kinafunguka, maji yanaenda rejeta kupozwa. Yakipoa sana nta inasinyaa, springi inarudisha kifuniko. Hakuna waya wala umeme wowote. Mtu aliyebuni hiki kidude cha nta anaitwa Sergius Vernet, mwaka 1934, na mpaka leo ndicho kimo kwenye magari mengi. Nyie wa Kiswahili na Historia msikimbie, naishia hapo.

Lakini nikaendelea kusoma: ikifa ikiwa imefunguka, injini haipati joto sawasawa na mafuta yanaliwa. Ikifa ikiwa imefungwa, maji hayafiki kwenye rejeta, na gari inachemsha ndani ya dakika chache. Hapo nikakaa kitandani. Dakika chache. Feni inayovuma bure. Nikakumbuka kitu: siku ile fundi anaangalia, nilipita mbele ya gari na ule upepo wa feni ulikuwa wa baridi. Gari inachemka, upepo unaopita kwenye rejeta ni wa baridi! Yaani pale mbele kulikuwa hakuna joto la kupozwa.

Alhamisi jioni nikamwambia Baba naomba niiangalie gari. Akanitazama. "Wewe mama, unajua nini kuhusu gari?" Nikasema sijui, nataka kushika mipira tu. Akanipa funguo kwa namna ya mtu anayempa mtoto kalamu achezee.

Tulianza injini ikiwa baridi kabisa, mimi na dogo. Nilifungua kwanza yale ya gasketi, maana kama fundi yuko sahihi sina haja ya kujisumbua. Nikachomoa kijiti cha oili: nyeusi, lakini haina ule utando wa maziwa unaotokea maji yakichanganyika na oili. Nikawasha gari mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, nikachungulia: hakuna mapovu yanayopanda mfululizo. Moshi wa nyuma si mweupe. Na maji yalikuwa hayapungui ovyo, yanatoka tu yakichemka. Nikazima, nikafunga mfuniko, nikawasha tena, nikasubiri. Mshale ukaanza kupanda. Nikashika mpira wa juu wa rejeta, ule unaotoka kwenye injini: moto, nikaondoa mkono mbio. Nikashika wa chini, mbali na feni: baridi. Si vuguvugu, baridi, kama bomba la nje asubuhi. Nikamwita Baba ashike mwenyewe. Akashika wa juu, akashika wa chini, akarudia. Hakusema kitu. Akarudi ndani, halafu akatoka na lile boksi lake la spana.

Na kuhusu feni, nayo ilikuwa haina kosa. Kwenye gari yetu kidude kinachoiamrisha kiko chini kwenye rejeta, kinasubiri pale papate moto. Hapajawahi kupata. Feni ilikuwa inangoja amri ambayo haikuja, ikaonekana mvivu.

Hapa niweke neno moja la ukali. Dogo alitaka kufungua mfuniko wa rejeta gari ikiwa moto, "tuone maji". Nilimpiga kofi la mkono, na nisingejuta hata lingekuwa la pili. Mfuniko ule umebana mgandamizo, maji humo ndani yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiufungua yanachemka yote kwa mara moja na yanakurukia usoni. Subiri mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta ukakiacha.

Ijumaa nikatoka shule mapema. Tukafungulia maji kwenye beseni, tukafuata mpira wa chini mpaka unapoingia kwenye injini. Pale kuna kifuniko cha bati zito chenye nati mbili, spana namba 10. Moja ilitoka kama siagi. Ya pili ilituweka saa nzima, mafuta ya taa, kugonga taratibu, mafuta ya taa tena, Baba akisema "usiivunje, usiivunje" mpaka nikatamani arudi ndani. Ilipofunguka, themostati ikatoka imevaa kutu kama koti. Miaka yote tumeijaza gari maji ya bomba.

Sasa ndipo lilipokuja jaribio langu ninalojivunia. Nilikuwa nimeazima kipimajoto maabara ya shule, kwa sahihi. (Mama alikuwa amenipa cha kwake cha kupimia homa. Kinaishia nyuzi 42, ahsante Mama.) Nikachukua sufuria kuukuu ya maji ya kuogea, maana ya mboga ningefukuzwa nyumbani na kwa haki, yale maji ya rejeta yenye dawa ni sumu. Nikaifunga themostati kwa uzi, nikaining'iniza isiguse chini ya sufuria, nikawasha jiko. 60. 70. 82, ambayo ndiyo namba iliyogongwa pale pale kwenye bati lake: kimya. 90: kimya. Maji yakaanza kuchemka kabisa, na kipimajoto kinasema 94.

Nikasema duh, kipimajoto cha watu kimekufa mkononi mwangu. Nikakitoa, nikakirudisha. 94. Dogo akaanza kucheka, "Dada umeharibu cha shule." Halafu ikanijia. Mbeya! Tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, maji yanachemka mapema, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Nimelifundisha hilo kwa mdomo na sijawahi kuliona hata siku moja, na nimezaliwa hapa hapa, nimekula maharage ya mji huu yanayochelewa kuiva maisha yangu yote. Na ni muhimu kwa jaribio lenyewe: ingekuwa themostati ya nyuzi 88, hapa kwetu kwenye sufuria ya wazi isingefunguka mpaka mwisho hata ikiwa nzima, ningeitupa bure. Ya 82 haina kisingizio. Iligoma.

Nikapanda bajaji mpaka Mwanjelwa na ile mbovu mfukoni. Duka la kwanza muuzaji akanishangaa. "Dada'angu, themostati ya nini? Itoe tu, weka mipira. Hiyo ni ya Wazungu wenye barafu." Hili la kuitoa nimelisikia mara nyingi sana, na magari mengi ya hapa nchini yanatembea bila hiyo. Lakini kwanza, aje alale kwetu Julai ndiyo aniambie habari za barafu. Pili, injini isiyofika joto lake, kompyuta ya gari inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli nyingi. Na za aina yetu zina kisahani cha chini ambacho kazi yake ni kuziba njia ya mkato maji yakianza kwenda rejeta. Ukiitoa, njia ile inabaki wazi, maji mengine ya moto yanarudi kwenye injini bila kupozwa, na mlimani unaweza kuchemsha vilevile. Nikanunua duka la pili, 35,000 na mpira wake wa kuzibia, na kulanti lita 5. Hela ni ya boom, ile niliyosema ya viatu. Nyumbani nikaichemsha nayo kabla ya kuifunga: kwenye 83 ikaanza kuachia, ilipofika 94 ingepitisha kidole changu kidogo. Mama aliacha kazi akaja kuangalia. "Inapumua," akasema.

Ningependa kuwaambia nikaifunga na gari ikapona. Nikaifunga, nikajaza kulanti, nikachomoa waya wa fundi, feni nikairudisha kwenye soketi yake. Saa mbili usiku, Baba ameshika tochi. Tukawasha. Mshale ukapanda, ukafika katikati, ukapita. Ukaendelea. Mpira wa chini: baridi.

Baba akazima gari mwenyewe. Hakukasirika, angekasirika ningepona. Akasema tu, "Umejaribu mama. Dalali anakuja asubuhi." Akanipigapiga bega akaingia ndani.

Nilikaa kwenye siti ya dereva gizani sijui muda gani. Nimetumia hela ya viatu, nimemvunjia mzee moyo mara mbili, na darasani kuna mtoto ameandika uongo wangu kwenye daftari. Nikachukua kiboksi cha themostati nikitaka kukikunja tu. Nyuma yake kuna mchoro mdogo sana. Pembeni ya themostati kuna kitundu chenye kipini kinachochezacheza, ile mbovu nilidhani kimelegea. Kazi yake ni kupitisha hewa maji yakijazwa, na mchoro unaonyesha kinakaa juu kabisa. Mimi nilikuwa nimekiweka chini. Hewa ikabaki imenasa nyuma ya kifuniko, na nta ikizungukwa na hewa haipati joto la maji, haiyeyuki.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa chini ya boneti na tochi mdomoni. Nikafungua, nikageuza kipini juu, nikafunga. Tukaisukuma gari, mimi na dogo, magurudumu ya mbele juu ya kale kamwinuko ka getini ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Nikafungulia hita ya ndani mpaka mwisho, nikajaza polepole kwa kikombe, mfuniko wazi, nikawasha. Blup. Blup blup. Kila povu likitoka maji yanashuka, naongeza. Mapovu yalipoisha nikafunga.

Dalali alifika saa mbili kasoro na pikapu. Baba akamkaribisha chai, yeye mwenyewe akaja akasimama pembeni yangu na kikombe, hakuuliza. Mshale ukapanda. Ukakaribia katikati. Mimi nimeshika mpira wa chini, baridi, baridi, baridi, halafu joto likapita chini ya vidole vyangu ghafla kama mtu amefungulia bomba la maji moto. Nilipiga kelele. Mshale ukasimama chini kidogo ya katikati. Tukasubiri robo saa nyingine na hakuna aliyeondoka, hata dalali alikuja na andazi lake. Feni ikajiwasha yenyewe, ikavuma kidogo, ikajizima.

Baba akamgeukia dalali akamwambia, "Samahani bwana, tutaonana Desemba."

Mchana akapitia kwa fundi akamwonyesha ile mbovu. Fundi akaigeuza geuza, akacheka, akasema ingeendelea kuchemsha hivyo wiki nyingine gasketi ingekwenda kweli. Na hapo yuko sahihi kabisa.

Jumatatu nikaibeba shule ile yenye kutu, na ile sufuria. Nilishapanga: dakika tano za mwanzo nasahihisha, naendelea na somo. Naingia 3B, na nani yuko kwenye benchi la nyuma na faili lake? Asesa kutoka chuoni. Wadau, miguu iliisha. Nilifikiria kuruka. Yule kijana wa gereji alikuwa amekaa mkono wa kushoto wa asesa, daftari liko wazi.

Nikasema, "Wiki iliyopita nilijibu swali la mwenzenu, na nilijibu vibaya. Nilikuwa sijui." Somo kwa Kiingereza, lakini hilo lilitoka kwa Kiswahili. Nikaipitisha themostati benchi kwa benchi, nikachora ubaoni nta na springi. Yule kijana aliponyoosha mkono roho ikaruka. Akauliza kwa nini iwe nta na si maji tu. Nikamwambia atafute na mimi nitatafute, tukutane Alhamisi.

Kwenye fomu asesa ameandika: "Utangulizi umechukua dakika 14. Zingatia muda." Maksi sijaambiwa. Nje ya mlango akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza dawa ya tumbo, ya kwake walishaitoa miaka miwili iliyopita na petroli inakwenda sana, hivi lile duka la pili pale Mwanjelwa liko upande gani wa barabara?